Candes-Saint-Martin: Jina Lililozaliwa Mara Mbili na Mito Miwili

Candes-Saint-Martin ni mji mdogo wenye wakazi takriban 200, upande wa magharibi wa Ufaransa ya kati, mahali ambapo mto Vienne unamwaga maji yake katika mto Loire. Kuuita mji ni kuukopesha heshima, kwa maana mgeni anaweza kuumaliza kwa miguu kabla chai aliyoagiza haijapoa. Hata hivyo ni komini kamili, ngazi ya chini kabisa ya utawala wa Ufaransa, yenye meya na baraza lake. Una kanisa kubwa kupita mahitaji ya watu wake. Na jina lake limo katika maandishi ya Kilatini ya karne ya 6. Jina hilo ndilo kisa kinachochambuliwa hapa.

Kwa kawaida jina hili husomwa kama vipande viwili visivyojuana. Candes ni neno la Kigalia, lugha ya Kikelti iliyosemwa katika nchi hiyo kabla ya Warumi, na linaeleza hali ya ardhi. Saint-Martin ni heshima ya Kikristo iliyobandikwa juu ya jina la kale. Usomaji huo si wa uongo, ila unaacha nje jambo ambalo ramani inalionesha waziwazi: kipande cha pili nacho kimetokana na mito ileile iliyozaa kipande cha kwanza. Laiti mito hiyo isingekutana hapo, Martin, askofu aliyefia hapo, asingegombewa hapo, na jina lake lisingekuwa na sababu ya kubaki kwa namna lilivyobaki.

Mahali penyewe

Loire ndio mto mrefu kuliko yote ya Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000. Unaanzia katika mlima Gerbier-de-Jonc kusini-mashariki mwa nchi, unapanda kaskazini hadi Orléans, kisha unageuka kuelekea magharibi na kuingia katika bahari ya Atlantiki karibu na Saint-Nazaire. Vienne ni tawimto lake la upande wa kushoto, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 360. Huanzia katika uwanda wa juu wa Millevaches, hupita Limoges, Châtellerault na Chinon, na kufika Candes kutoka kusini-mashariki. Mito hiyo miwili haikutani kwa kugongana uso kwa uso. Kwa kilomita kadhaa hukaribiana polepole, ikiacha katikati yake ulimi mrefu wa nchi tambarare uitwao Véron, na mwishowe ulimi huo huchongoka na kuishia majini.

Mtu asiyeijua nchi hiyo angetegemea kuukuta mji wa makutano kwenye ncha ya ulimi huo. Haupo huko. Candes imekaa ng'ambo, kwenye ukingo wa kushoto wa Vienne, chini ya kilima cha mawe ya chokaa. Sababu ni ya kawaida kabisa: Véron ni nchi ya mchanga na tope lililoletwa na mafuriko ya karne nyingi, na mafuriko hayo hayakwisha. Yale makubwa ya mwaka 1846, 1856 na 1866 yanakumbukwa hadi leo katika bonde zima la Loire. Upande wa Candes, kinyume chake, mwamba unashuka mpaka karibu na maji, na mtu anaweza kujenga penye mguu mkavu huku mashua yake ikiwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Mwamba wenyewe ni wa tuffeau, jiwe jeupe na laini linalokatika kwa urahisi, ambalo limejenga nyumba na makasri karibu yote ya eneo hilo. Panapochimbwa mawe hubaki mapango, na mapango hayo yametumika kama maghala, pishi za mvinyo na hata makazi.

Kuna jambo jingine la kijiografia ambalo uchambuzi huu unalihitaji, nalo ni mpaka. Candes imepakana na Montsoreau, mji mwingine mdogo wenye kasri la karne ya 15 lililokaa kando ya Loire, na miji hiyo miwili imeshikana kiasi kwamba kuna msemo wa kale wenye vina usemao kwamba kati ya Candes na Montsoreau hachungwi ng'ombe wala ndama. Maana yake ni kwamba hakuna hata upana wa malisho baina yao. Lakini kwenye ufa huo usioonekana ndipo jimbo la kale la Touraine lilipoishia na Anjou ikaanza, na leo ndipo mkoa wa Indre-et-Loire unapopakana na Maine-et-Loire. Mwendo mfupi kusini mwake huanza nchi ya Poitou. Mipaka hii ina mizizi katika maeneo ya makabila ya Kigalia ambayo Warumi waliyakuta na kuyageuza kuwa wilaya zao: Waturones waliotoa jina la Tours, Waandecavi waliotoa jina la Angers, na Wapictones waliotoa jina la Poitiers. Kwa hiyo palipokutana mito miwili palikutana pia, kwa umbali mdogo sana, makabila matatu.

Condate

Jina la zamani la mahali hapa ni Condate. Gregori, aliyekuwa askofu wa Tours kuanzia mwaka 573 hadi 594, anakitaja kijiji hiki kwa kivumishi cha Kilatini kilichotokana na neno hilo. Sulpicius Severus, mwandishi wa maisha ya Martin aliyeandika karibu karne mbili kabla yake, anatumia umbo linalokaribiana nalo. Neno condate katika Kigalia lilimaanisha makutano ya mito. Wataalamu huligawa sehemu mbili: com, yaani pamoja, na mzizi wa kitenzi chenye maana ya kuweka. Ni mahali ambapo maji yamewekwa pamoja. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuona ugeni wowote hapo, kwani Kenya ina zaidi ya mji mmoja uitwao Makutano, ingawa huko aghalabu zinazokutana ni barabara.

Kwa kuwa nchi ya Wagalia ilijaa mito, ilijaa pia Condate. Rennes, mji mkuu wa Brittany, uliitwa Condate kwa sababu mto Ille unaungana na Vilaine mahali hapo. Lyon, penye Rhône na Saône, ilikuwa na mtaa wa jina hilo. Cosne, mji ulio juu zaidi kwenye Loire hiyohiyo, ulikuwa Condate kwa ajili ya kijito cha Nohain. Kaskazini, kwenye mpaka wa Ubelgiji, kuna Condé-sur-l'Escaut, na kusini kuna vijiji kadhaa viitwavyo Condat. Warumi nao walikuwa na neno lao, confluentes, lenye maana hiyohiyo, na neno hilo likazaa Conflans kwenye makutano ya Oise na Seine, Confolens kwenye Vienne yenyewe, na Koblenz huko Ujerumani, ambako Moselle unaingia Rhine.

Swali linalostahili muda ni hili: neno moja, Condate, limewezaje kuzaa Candes, Cosne, Condé na Condat, majina ambayo kwa sikio hayafanani hata kidogo? Jibu liko katika mkazo, na msomaji wa Kiswahili analo sikio la kulielewa. Tunajua kwamba barabara, ile ya kupita magari, hupewa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na kwamba barabara yenye maana ya sawasawa hupewa mkazo silabi moja kabla ya hapo. Herufi ni zilezile, maneno ni mawili. Katika Galia ya zamani Condate nalo lilitamkwa kwa namna mbili. Wapo walioweka mkazo kwenye silabi ya kwanza, na inadhaniwa kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya wenyeji. Na wapo waliouweka kwenye silabi ya pili, kwa kufuata mazoea ya Kilatini.

Kilichofuata ni kazi ya karne nyingi za vinywa vya watu. Lugha iliyokuja kuwa Kifaransa ilikuwa na tabia ya kuzila silabi zisizo na mkazo. Palipokuwa na mkazo mwanzoni, da na te zilififia, zikagandana, kisha zikayeyuka. Jina la silabi tatu likabaki moja. Ndivyo ilivyokuwa Cosne, na ndivyo ilivyokuwa Candes, ambapo tena irabu o iligeuka a. Leo Mfaransa hutamka Candes kwa silabi moja inayotokea puani, na herufi mbili za mwisho zipo katika maandishi tu. Palipokuwa na mkazo katikati, silabi ile ya da ilinusurika. Kaskazini irabu yake iligeuka é, kama vile neno la Kilatini pratum, malisho, lilivyogeuka kuwa pré. Na matokeo yake ni Condé. Kusini, penye lugha ya Oksitani ambayo malisho huyaita prat, irabu ilibaki ilivyo, na matokeo yake ni Condat.

Ushahidi mzuri kuliko yote haupo mbali. Karibu na Blois, upande huohuo wa kusini wa Loire, kuna Candé-sur-Beuvron, nayo imetokana na Condate. Candes na Candé zina asili moja, ziko katika bonde moja, zimepitia badiliko lilelile la o kuwa a, na tofauti yake ni kwamba watu wa hapa walikaza mwanzo na watu wa kule wakakaza katikati. Jambo kama hilo limetokea hata ndani ya jina moja la kabila: Wabituriges, waliokaa katikati ya Galia, walitoa jina la mji wa Bourges kwa mkazo uliotangulia, na jina la jimbo la Berry, linaloizunguka Bourges, kwa mkazo uliosogea mbele. Mtu anayetafuta asili ya majina kwa kufananisha herufi tu, bila kusikiliza mkazo, atapotea mara ya kwanza atakapofika Loire.

Kuna swali la pili, ambalo mimi binafsi naliona ni kubwa kuliko la mkazo. Kwa nini jina hili lilibaki? Rennes haiitwi tena Condate. Katika miaka ya mwisho ya dola la Kirumi, miji mikuu ya makabila ilianza kuacha majina yake na kuchukua majina ya makabila yenyewe. Condate ya Waredones ikawa Rennes. Lutetia ya Waparisii ikawa Paris. Majirani watatu wa Candes walipatwa na hali hiyo wote: Caesarodunum ikawa Tours, Juliomagus ikawa Angers, Limonum ikawa Poitiers. Candes haikuwa mji mkuu wa mtu yeyote. Ilikuwa bandari ndogo ya mtoni mwishoni mwa nchi ya Waturones, na udogo wake ukaikinga. Majina makubwa yaliyoizunguka yalifagiliwa, na hili la kueleza maji tu likasazwa, kwa sababu hapakuwa na aliyeona faida ya kulibadilisha.

Majina ya mito yenyewe ni makongwe zaidi, na hapa nitapita haraka. Loire ni Liger ya Warumi, jina ambalo kwa maoni ya wengi linahusiana na neno la Kigalia la tope na mashapo. Neno la Kifaransa la mashapo ya mvinyo, lie, linatoka katika ukoo huohuo. Anayeutazama Loire wakati wa kiangazi, ukiwa umejaa visiwa na mafungu ya mchanga, hatahitaji kushawishiwa. Vienne, ambao Gregori anauandika Vingenna, haupaswi kuchanganywa na mji wa Vienne ulio kando ya Rhône, wala na mji mkuu wa Austria ambao kwa Kifaransa nao huitwa Vienne. Mfanano huo ni ajali ya matamshi na umewasumbua wanafunzi wengi. Kwa kuwa tumegusa majina yanayopotosha, mtambo wa nyuklia wa Chinon, ulioanza kutoa umeme katika miaka ya 1960, haupo Chinon wala kwenye mto wa Chinon. Uko Avoine, ukingoni mwa Loire, kilomita chache juu ya Candes.

Mwili wa askofu

Martin, ambaye Wakatoliki wa Afrika Mashariki humwita Mtakatifu Martino wa Tours, alizaliwa Pannonia, katika nchi ambayo leo ni Hungaria, akawa askari wa Kirumi, na anajulikana zaidi kwa kisa cha kulikata joho lake vipande viwili huko Amiens ili amfunike maskini. Mwaka 361 alianzisha makazi ya watawa Ligugé, karibu na Poitiers. Mwaka 371 watu wa Tours walimfanya askofu wao. Gregori anamhesabu miongoni mwa maaskofu waliojenga makanisa vijijini, na Candes imo katika orodha ya vijiji ambavyo Martin alivijengea.

Mwaka 397, akiwa mzee sana, alisafiri kwenda Candes kwa sababu mapadri wa kanisa la huko walikuwa wakigombana, naye alitaka kuwapatanisha. Sulpicius Severus anaeleza kwamba njiani aliwaona ndege wa majini wakizamia na kukamata samaki bila kushiba, akawalinganisha na mashetani wanaowavizia watu wasio na tahadhari, kisha akawaamuru waondoke. Ni tukio dogo, lakini linatueleza safari ilifuata nini: ilifuata mto. Alifanikiwa kuwapatanisha mapadri, akaishiwa nguvu, na akafa Candes tarehe 8 Novemba.

Kuanzia hapo msimulizi ni Gregori. Anasema watu wa Poitiers na watu wa Tours walikusanyika kwenye mwili, kila upande ukiudai. Wale wa Poitiers walisema Martin ni mtawa wetu, kwetu ndiko alikokuwa mkuu wa watawa, tuliwaazima tu. Mmefaidi maneno yake na baraka zake, basi tuachieni angalau maiti. Wale wa Tours walijibu kwa hesabu: kwenu alifufua wafu wawili, kwetu mmoja, hivyo tunamdai, alichokipunguza akiwa hai atakikamilisha akiwa amekufa. Wakaongeza hoja ya sheria, kwamba askofu huzikwa katika mji aliowekewa wakfu. Usiku ukaingia, milango ikafungwa, pande zote mbili zikilinda. Usiku wa manane watu wa Poitiers wakapitiwa na usingizi. Watu wa Tours wakauchukua mwili, wakaupitisha dirishani kwa wenzao waliokuwa nje, wakauweka chomboni, wakaushuka mto Vienne, wakaingia Loire, wakaelekea Tours wakiimba zaburi. Nyimbo hizo ndizo zilizowaamsha wa Poitiers.

Kisa hiki husimuliwa kama mzaha mtakatifu wa wajanja na wasinzizi. Kikisomwa juu ya ramani, kinakuwa kitu kingine. Ligugé iko ukingoni mwa mto Clain. Clain unapita Poitiers, kisha unaingia Vienne karibu na Châtellerault, na Vienne unakuja Candes. Tours iko juu ya Loire, takriban kilomita 50 kutoka Candes. Maana yake ni kwamba kila mkono wa makutano ulikuwa ukielekea kwa mdai mmojawapo. Anayepanda Vienne anafika kwa watawa wa Poitou; anayepanda Loire anafika kwa waumini wa Tours. Martin alifia mahali pale hasa ambapo njia mbili za maisha yake, utawa na uaskofu, zilikuwa zinakutana kimaji, na mwili uliowekwa ndani ya mashua hapo ungeweza kupelekwa upande wowote. Laiti angefia Chinon, kilomita kama 15 juu ya Vienne, watu wa Tours wangekuwa na safari ndefu zaidi ya kutorokea. Angefia kwake Tours, pasingekuwa na ugomvi.

Aidha, wenye bahati ya mto walikuwa watu wa Tours. Kutoka Candes kwenda Tours ni kupanda Loire dhidi ya mkondo, jambo linaloonekana gumu mpaka tukumbuke kwamba upepo unaotawala bonde hilo hutoka baharini, magharibi. Mabaharia wa Loire walitegemea upepo huo kwa karne nyingi: mashua zao tambarare zilishuka kwa mkondo na kupanda kwa tanga. Kwenda Poitiers kunahitaji kupinda kusini na kupanda mito miwili. Sidai kwamba tanga lilipandishwa usiku ule, Gregori hasemi. Nasema tu kwamba njia moja ilikuwa nyepesi kuliko nyingine, na kwamba mtu yeyote wa Candes angelijua hilo bila kufundishwa.

Uadilifu unadai tumtazame msimulizi pia. Gregori alikuwa askofu wa Tours na alikuwa mrithi wa kiti cha Martin. Mwili ulikuwa ndani ya kanisa lake, ukileta mahujaji na heshima. Aliandika karibu miaka 200 baada ya tukio. Sulpicius, aliyemjua Martin ana kwa ana na aliyeandika barua kuhusu kifo chake, anaeleza umati mkubwa wa waombolezaji na maelfu ya watawa kwenye mazishi, lakini hana ugomvi, hana dirisha, hana waliosinzia. Hivyo huenda kisa kilikua baadaye, kwa ajili ya kuwajibu watu wa Poitiers ambao hawakuacha kunung'unika. Hata hivyo, kama ni kisa kilichotungwa, mtungaji wake aliijua nchi: aliandika kwanza Vienne, kisha Loire, kwa mpangilio uleule ambao mtu anayeondoka kwa mashua kwenye gati la Candes atauona hata leo.

Tarehe nazo zinabeba alama ya safari hiyo. Desturi ya Kanisa ni kumkumbuka mtakatifu siku aliyokufa. Martin alikufa tarehe 8 Novemba, lakini sikukuu yake ni tarehe 11, siku aliyozikwa Tours. Siku tatu zilizo katikati ni za mkesha na za maji. Wafaransa huyaita majira mafupi ya joto yanayojitokeza mwezi huo kiangazi cha Mtakatifu Martin, na hekaya husema maua yalichanua kwenye kingo za Loire mashua ilipokuwa ikipita.

Kipande cha pili cha jina

Candes ilibaki na dirisha, kwa namna ya kusema. Tours ilipata kaburi, basilika, mahujaji na, mwaka 1562, Waprotestanti walioyaharibu masalia. Candes ilipata mahali pa kifo, kitu kisichoweza kuibwa kwa mashua. Katika karne za 12 na 13 pakajengwa juu yake kanisa kubwa la mawe meupe, lenye ukumbi wa kuingilia upande wa kaskazini ambao dari yake yote inaegemea nguzo moja nyembamba iliyo katikati, inayotawanyika juu kama mnazi. Katika karne ya 15 liliongezewa ngome, kwa hiyo likitazamwa kutoka mtoni linafanana nusu na kanisa na nusu na boma. Ndani yake kuna dirisha la vioo vya rangi linaloonesha mwili ukitolewa kupitia dirishani, na sijui kanisa jingine ambalo dirisha linasimulia habari za dirisha.

Kuhusu jina, Saint-Martin peke yake lisingefaa kitu. Zaidi ya komini 200 za Ufaransa zina majina yenye Saint-Martin, na Martin ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote nchini humo. Candes peke yake nalo lina hatari ya kuchanganywa na Candé, ya karibu na Blois na nyingine iliyo Anjou. Kila kipande kingekuwa na utata kikikaa peke yake. Vikiunganishwa, vinaonesha mahali pamoja tu duniani. Hili ni jambo la manufaa ya posta na ramani zaidi kuliko la ibada, na naona ndiyo sababu muungano wenyewe umeshika imara.

Kazi ya mto ilikufa katika karne ya 19, reli ilipoenea katika bonde la Loire na kuwanyang'anya mabaharia mizigo yao. Toka hapo makutano yaliyokuwa njia yamekuwa mandhari. Hifadhi ya mazingira ya Loire-Anjou-Touraine ilianzishwa mwaka 1996, na mwaka 2000 UNESCO iliandikisha bonde la Loire, kutoka Sully-sur-Loire hadi Chalonnes, katika urithi wa dunia. Wageni hupanda njia iliyo nyuma ya kanisa mpaka juu ya kilima, na kutoka hapo huliona neno Condate lote kwa mtazamo mmoja: Loire upande wa kushoto wa ulimi wa Véron, Vienne upande wa kulia, na mbele yake maji mapana yenye mafungu ya mchanga ambayo kila furiko huyahamisha, hata nukta yenyewe ya kukutania haikai mahali pamoja mwaka hadi mwaka.

Akishuka na kutembea kuelekea Montsoreau, kupita pale ambapo hachungwi ng'ombe wala ndama, mgeni atauona mto ukiwa mkononi mwake wa kulia muda wote. Alipoanza, maji yale yalikuwa yakiitwa Vienne. Akifika, yanaitwa Loire.